Kikombe cha Kupimia Ndengu: Ni Fedha au Si Fedha, na Haki ni ya Nani?



Tumeletewa swali kutoka Kibwezi, Kaunti ya Makueni, na mama mmoja mzaliwa wa Pwani aliyeolewa huko miaka mingi iliyopita. Anasema kwamba siku ya soko Makindu alisimama mbele ya bibi mzee wa Kikamba aliyekuwa akiuza ndengu. Bibi yule alikuwa akizipima kwa kikombe kizito cha chuma, cheusi kwa ukuukuu, chenye mshikio mmoja na herufi zilizochorwa ubavuni. Pale ukingoni, ambapo kiganja cha bibi kilikuwa kikipita kila siku, weusi ulikuwa umetoka na madini yaking'aa. Moyo wa mama huyu ukamwambia kwamba ile ni fedha, maana alikulia katika nyumba iliyokuwa na mrashi na chetezo vya fedha na aliujua mng'ao wake. Akataka kukinunua. Bibi akacheka, akamuuliza kina nini kikombe kile hata kikamvutia. Mama akajibu kwamba amekipenda tu. Wakakubaliana shilingi 300, akakifunga katika leso, akaondoka.

Maswali yake ni manne. Je, ni fedha kweli? Ikiwa ni fedha, yafaa kunywea? Thamani yake ni kiasi gani? La nne ameliandika mwisho, na kwa herufi ndogo kuliko yale mengine: je, nilimdhulumu yule bibi?

Sisi tumeona swali hili la nne ndilo lililomfanya aandike. Hata hivyo haliwezi kujibiwa kabla ya lile la kwanza, kwa kuwa mtu hawezi kujua amechukua nini mpaka akijue alichokichukua.

Huenda msomaji wa Mombasa au Malindi akastaajabu kitu cha namna hiyo kupatikana katika gunia la ndengu la Ukambani, nchi ambayo wengi wetu twaipita usiku ndani ya basi tukiwa tumelala. Lakini Ukambani na Pwani zilijuana kwa biashara kabla ya reli na kabla ya lami. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa misafara. Waliteremka na pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mwaka 1849 mmisionari Krapf alipofika Kitui, mwenyeji wake alikuwa Kivui, mkubwa wa misafara hiyo, aliyezijua vyema njia za kwenda Pwani. Nyaya zile za shaba hazikukaa bure. Mafundi wa Kikamba walizifua zikawa mikufu membamba, na wakazipachika kwa mizunguko midogo juu ya vigoda vya wazee, kazi ambayo hadi leo mtu huitazama akajiuliza waliifanya kwa macho gani.

Kisha ikaja reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na baina ya miji hiyo ilikata katikati ya nchi ambayo leo ni Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali. Hata jina la Sultan Hamud limetokana na Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Vibarua na mafundi wa Kihindi walikuja na vyombo vyao vya shaba, na pale Makindu Masingasinga wakajenga hekalu lao mwaka 1926, ambalo mpaka leo huwalisha wasafiri bila malipo. Maofisa wa Kiingereza nao walikuja na vyombo vya mezani. Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la chakula, abiria wakawa wanateremka vituoni kula katika nyumba za wasafiri, kama ile ya Voi. Baadaye mabehewa ya chakula yakaja, na vikombe na mabirika yake yakapigwa chapa ya shirika ili yasipotee. Yalipotea vivyo hivyo.

Tulimwomba mama yule asikisugue kikombe. Twajua mikono ya mama zetu haistahimili kuona weusi juu ya chombo, na kabla hujamaliza kusema wamekwisha leta jivu na ndimu. Lakini jivu, mchanga na waya wa kusugulia sufuria hula madini ya juu, na huenda ukaondoa kwa asubuhi moja ushahidi uliokaa miaka themanini. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba vyatosha kuzifunua herufi.

Jambo la kwanza la kutazama ni mihuri ya chini ya kitako. Fedha iliyofuliwa Uingereza hupimwa na ofisi maalumu na kupigwa mihuri midogo: simba anayetembea kuonyesha kuwa ni fedha ya kiwango, yaani sehemu 925 katika kila 1,000, kisha alama ya mji, kisha herufi ya mwaka. Nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, na taji ilikuwa ya Sheffield hadi 1974 ilipobadilishwa ikawa waridi. Kitu kilichotengenezwa Unguja, Lamu au Oman hakina mihuri hiyo, na kukosekana kwake si dalili ya ubovu. Masonara wa huku walikuwa wakiyeyusha riale za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za gramu 28 zenye mwaka 1780 juu yake hata zikiwa zimepigwa karne moja baadaye, na fedha yake halisi ni sehemu 833 hivi katika 1,000. Basi kikuku cha bibi yako kikipimwa na kuonekana hakifiki 925, usimtuhumu sonara wa watu.

Chini ya kikombe cha Makindu kulikuwa na vijisanduku vinne mfululizo, kila kimoja na herufi yake ya Kizungu ya zamani yenye mapambo. Mama aliviona akadhani ndiyo mihuri ya fedha. Wala si yeye peke yake aliyedhani hivyo, kwani viliwekwa kwa kufuata sura ya mihuri ile. Herufi zenyewe zilikuwa E, P, N, S. Maana yake ni kwamba chombo kimefuliwa kwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, kisha kikavikwa ngozi nyembamba ya fedha kwa nguvu ya umeme. Ufundi huo ulitwaliwa hati ya umiliki na Elkington wa Birmingham mwaka 1840, na tangu hapo meza za watu wa kadiri zikaweza kung'aa kama za matajiri. Mchanganyiko huo wa ndani Wazungu huuita fedha ya Kijerumani au fedha ya nikeli, ilhali hauna chembe ya fedha ndani yake. Jina lisikughuri.

Wapo watakaosema mihuri hughushiwa, nao wasema kweli. Kwa hiyo tulimpa mama njia ya pili, ambayo kila mwenye mizani ya jikoni ya kidijitali aweza kuitumia bila kumlipa mtu. Kipime kikombe kikiwa kikavu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Kifunge kikombe kwa uzi mwembamba, ukiteremshe kizame chote bila kugusa kitako wala ubavu wa bakuli, na ukiinamishe kwanza ili hewa isibaki ndani. Mizani itapanda, na zile gramu ilizopanda ndizo kiasi cha maji kilichosukumwa na kikombe. Gawanya uzito wa kikombe kikavu kwa namba hiyo. Fedha ya kiwango hutoa kama 10.4. Shaba nyekundu hutoa 8.9, na michanganyiko ya shaba na zinki hukaribia 8.5. Chuma ni 7.8, bati 7.3, na alumini 2.7 tu. Kikombe cha Makindu kilikuwa na gramu 236, na ndani ya maji mizani ikapanda gramu 27. Jawabu ni 8.7. Kingekuwa fedha tupu mizani ingepanda 23 tu. Tofauti ni gramu nne tu, na ndiyo iliyomaliza ubishi.

Sumaku nayo husaidia kwa upande mmoja tu: ikinata, si fedha, isiponata, bado hujui, kwa kuwa shaba na alumini nazo hazivutwi. Na pale ukingoni palipochakaa, mama aliponyosha kikombe juani aliona rangi imegeuka kuwa ya manjano hafifu kuliko sehemu nyingine. Huo ndio mwili wa ndani unaochungulia.

Ama herufi za ubavuni zilisomeka K.U.R.&H., yaani Reli na Bandari za Kenya na Uganda. Jina hilo liliachwa mwaka 1948, reli hiyo ilipounganishwa na ile ya Tanganyika na kuwa East African Railways and Harbours. Kwa hiyo kikombe kilipigwa chapa kabla ya mwaka huo. Na shirika la reli la nchi tatu lilipovunjika mwaka 1977, vyombo vyake vilitawanyika kila upande wa njia.

Sonara wa Mombasa aliyeonyeshwa kikombe alikirudisha kabla hajakiweka mizanini. Kwake yeye ile ngozi ya fedha haifidii hata gharama ya kuikwangua. Lakini yuko mtu mwingine mwenye kukusanya kumbukumbu za reli, naye, alipoziona herufi za ubavuni, alisema atatoa shilingi 3,500. Thamani ya kitu kikuukuu ina milango miwili, wa madini na wa historia, na aghalabu anayeujua mmoja haujui mwingine. Ndiyo maana si busara kuuza kwa bei ya mtu wa kwanza, wala kuamini kwamba kila kizee ni mali.

Sasa twende kwenye kunywa. Vyombo vya dhahabu na fedha tumekatazwa kulia na kunywea, na Mtume (S.A.W.) amemwonya anywaye katika chombo cha fedha kwa onyo la moto, kama alivyopokea Mama wa Waumini Ummu Salama (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Mama zetu wengi hudhani kwamba kwa kuwa wao wameruhusiwa mapambo ya dhahabu na fedha, basi na vyombo vimo. Havimo. Ruhusa ya mwanamke ni ya kujipamba mwilini, ama sahani, kijiko, kikombe na hata kichupa cha wanja cha fedha, hukumu yake na ya mumewe ni moja. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba hata kukiweka kabatini kwa pambo hakufai. Mwenye nacho akiuze au akiyeyushe kiwe kikuku.

Kilichopakwa tu kina maelezo mengine. Wanazuoni wetu, na msingi wake umo katika Minhaji ya Imamu Nawawi inayosomeshwa katika madrasa za Pwani, hutazama iwapo chombo kikitiwa motoni patapatikana fedha ya kukusanywa. Isipopatikana kitu, chafaa kutumiwa, ingawa kitendo chenyewe cha kupaka hakipendezi kwao bali wamekikataza. Vyombo vya E.P.N.S. havilingani, vingine ngozi yake ni nzito. Sisi tulimshauri mama asikinywee, kwa tahadhari ya dini na kwa tahadhari ya mwili pia, kwani pale fedha ilipochakaa na shaba ikatokeza, kitu chenye uchachu kama maji ya ndimu au ukwaju huamsha kutu ya kijani, nayo ni sumu.

Wala asije mtu akaharimisha kila chembe ya fedha chomboni. Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwamba kikombe cha Mtume (S.A.W.) kilipovunjika, palipopasuka paliungwa kwa mkufu wa fedha. Kiraka kidogo kwa haja kina nafasi yake.

Tumelifikia swali la herufi ndogo.

Kwa upande wa hukumu kavu, mauzo yale yamesihi. Muuzaji ni mtu mzima, kitu ni chake, bei aliikubali, na katika madhehebu yetu kupunjika peke yake pasipo hila hakuvunji biashara. Mtu aliyetaka kulala usingizi angeishia hapo. Lakini bibi aliuliza. Aliuliza kina nini kikombe kile, na aliyeulizwa alikuwa na jawabu moyoni akatoa jingine. Kwamba dhana yake ya fedha baadaye ilikuja kuwa si sahihi, hilo haliibadilishi nia ya siku ile.

Jarir bin Abdillah (r.a.) alimtuma mtumishi wake amnunulie farasi, naye akampata kwa dirhamu 300 na kumleta pamoja na mwenyewe ili alipwe. Jarir alipomtazama mnyama akamwambia mwenye farasi kwamba thamani yake yapita hapo, je, atauza kwa 400? Akaendelea kumwongeza mia baada ya mia hadi akamnunua kwa 800. Alipoulizwa, alisema kwamba alimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu.

Twajua kuna atakayeinua kidole kwa neno hilo la mwisho, aseme: bibi wa Makindu si Mwislamu. Hoja hii tumeisikia kwa masikio yetu, tena kwa watu wa swafu ya mbele, na twaiona ni hoja mbovu. Surat al-Mumtahina imetuamrisha wema na uadilifu kwa wale wasiotupiga vita katika dini wala kututoa majumbani mwetu. Waislamu wa Kitui na Makueni ni wachache kati ya majirani Wakristo. Wanauziana kuku na mahindi, wanazikana, na maji ya kisima kimoja huwatosha wote wakati wa ukame. Mtume wetu aliitwa Mwaminifu na watu wa Makka kabla hata mmoja wao hajasilimu.

Basi mama alirudi Makindu siku ya soko iliyofuata. Alimwambia, "Mwaitu, kikombe ulichoniuzia nilidhani ni fedha nikakuficha. Si fedha, lakini kuna mtu atatoa shilingi 3,500 kwa ajili ya zile herufi za reli." Akamwekea mbele yake kikombe, amrudishie 300 zake akitaka, au wakiuze wagawane. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kikombe kililetwa na marehemu mumewe, aliyefanya kazi ya njia ya reli, na kwamba pesa za mgeni azipokee mama, wagawane nusu kwa nusu. Kilichomuudhi yeye ni jambo jingine. Wateja wake walikijua kikombe kile miaka na miaka, na tangu kilipoondoka amekuwa akipimia mkebe ambao kila mtu anaushuku, huyu akisema ni mdogo, na yeye mwenyewe akihofu kwamba ni mkubwa.

Mama huyu alizaliwa katika nyumba ya kisomo, na Surat al-Mutaffifin aliihifadhi utotoni. Alikijaza kikombe ndengu hadi ukingoni, akazimimina katika mikebe iliyokuwa ikiuzwa sokoni mmoja baada ya mwingine, hadi akapata wa bati ambao ndengu zilifika juu bila kuzidi wala kupungua. Akaununua kwa shilingi 80 na kumpa bibi, mbele ya wateja.

Yabaki mambo machache ambayo wasomaji wetu wenye kuzuru masoko ya vikuukuu wayajue. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa Kenya au kuletwa kabla ya 1895, na kitu cha namna hiyo hakitolewi nchini bila kibali. Kikombe cha reli hakiingii humo, kwa kuwa reli yenyewe ilianza mwaka mmoja baadaye. Lakini dele la kahawa au tasa ya babu wa babu yaweza kuingia, na watu wa Makumbusho ya Fort Jesus ndio wa kuwauliza. Ukipata chombo cha fedha halisi, kina zaka kikijumlishwa na fedha yako nyingine ikatimia nisabu, ambayo ni kama gramu 595. Na usikibadilishe kwa sonara kwa bangili za fedha zisizolingana nacho kwa uzito, ukaongeza au kuongezwa pesa juu yake. Hiyo ni riba. Kiuze kwanza, pokea pesa mkononi, kisha nunua utakacho.

Uliza pia kitu kimetoka wapi. Mwezi Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima baada ya kuharibiwa kwa nguzo za umeme, na ingawa iliruhusiwa tena mwaka huo huo, wanaookota vyuma hawaokoti vyote njiani.

Tulipokuwa Kitui tulionyeshwa tasa ya shaba iliyonunuliwa kwa mwokota vyuma kwa uzito wake. Aliyeinunua ni kijana wetu mmoja, naye alikusudia kuipeleka Mombasa akaiuze kwa watalii. Chini ya ukingo palikuwa na maandishi ya Kiarabu yaliyojaa uchafu, na tulipoyasafisha kwa kijiti neno la kwanza likasomeka: waqfu. Jina la msikiti lilikuwa limefutika. Mali ya wakfu haiuzwi, hainunuliwi wala hairithiwi, na ulipopotea msikiti wake hupelekwa katika msikiti mwingine itumike kazi ile ile. Kijana alimtafuta mwokota vyuma siku mbili ili arudishiwe pesa zake, hakumpata. Akaipeleka tasa msikitini mjini humo. Shaba haina katazo, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alitawadha kwa chombo cha shaba. Tulipoondoka ilikuwa imewekwa kando ya pipa la maji, na wazee walikuwa wakiichotea maji ya udhu wa Alasiri.